Kuonja Kahawa ya Kenya Eneo kwa Eneo: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Nairobi

Chukua pakiti ya kahawa kutoka rafu ya supamaketi yoyote hapa Nairobi usome ilivyoandikwa. Mara nyingi utakuta "Kenya" na "AA". Neno la kwanza linataja nchi nzima, kuanzia vilima vya Taita hadi miteremko ya Mlima Elgon. Herufi mbili zinazofuata zinataja ukubwa wa punje. Hakuna hata kimoja kinachokuambia kahawa hiyo itakuwaje mdomoni. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa kahawa ya Kenya miaka na mikaka bila kujua kwamba ya Nyeri na ya Kisii hazifanani hata kidogo.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu Nairobi ndiyo mlango wa kahawa ya nchi hii. Msimu wa mauzo ukiwa wazi, mnada wa Nairobi Coffee Exchange hufanyika Wakulima House, barabara ya Haile Selassie, na siku yake ya kawaida ni Jumanne. Wanunuzi wenye leseni hufika wakiwa wameshaonja sampuli za kila shehena na wanajua ipi imetoka fakitori gani. Maelfu yetu tunapita nje ya jengo hilo tukikimbilia matatu, na wengi hatujawahi kuonja kahawa kwa namna hiyo hata mara moja. Na si kazi ngumu. Unahitaji kahawa nne za maeneo tofauti, vikombe vinavyolingana, mizani ndogo, na asubuhi moja ya Jumamosi.

Hatua ya 1: Fahamu tofauti inatoka wapi

Ladha ya kahawa hutokana na mwinuko wa shamba, udongo, aina ya mti na kazi inayofanywa fakitorini. Usipoelewa mambo haya, majina ya maeneo yatabaki majina tu.

Mwinuko ni habari ya baridi ya usiku. Kadiri shamba linavyopanda mlima ndivyo tunda linavyochelewa kuiva, na punje iliyoiva polepole huwa ngumu, nzito, yenye sukari na uchachu mwingi. Hata hivyo kuna mpaka. Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, alilima kahawa chini ya vilima vya Ngong, mahali palipo juu na pakavu kwa zao hilo. Baridi, ukame na bei mbaya vikaliangusha shamba, likauzwa mwaka 1931, na ardhi yake leo ni mtaa wa Karen. Ukienda eneo la Mlima Kenya au Nyandarua utauona mpaka huo kwa macho: juu kabisa ni msitu, chini yake chai, halafu ndipo kahawa inaanza.

Udongo wa kahawa yetu bora ni ule mwekundu wa volkano, wenye kina kirefu, unaohifadhi maji bila kuyatuamisha. Wenyeji wa Kiambu na Murang'a wanaujua vizuri. Ndio unaoganda viatuni msimu wa mvua.

Aina ya mti ina uzito kuliko wanywaji wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930, maabara ya kilimo ya Scott iliyokuwa Kabete ilichagua miti iliyofanya vizuri na kuipa namba. Mbili kati ya hizo, SL28 na SL34, ndizo zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake duniani. SL28 inavumilia ukame na ina uchachu wa matunda ambao ni vigumu kuupata kwingine. Udhaifu wake ni magonjwa: kutu ya majani, na CBD (coffee berry disease), ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda mtini. Kituo cha utafiti cha Ruiru kikajibu kwa kuzalisha Ruiru 11 mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Wako wanaoibeza Ruiru 11 kana kwamba ni kosa kuinunua. Mimi siungani nao. Mkulima mwenye nusu ekari hawezi kuishi kwa sifa ya ladha huku dawa za kunyunyizia zikimmaliza mfukoni, na Batian iliyolimwa juu na kutunzwa vizuri hutoa kikombe cha kuheshimika kabisa.

Kisha kuna fakitori. Watu wa kahawa wanalitumia neno hilo kwa kituo cha kumenyea, kilichoko kando ya mto, ambako wakulima huleta matunda yaliyochumwa siku hiyo hiyo. Mlangoni matunda humwagwa na kuchambuliwa: mabichi na yaliyoiva kupita kiasi hutengwa. Mashine humenya ganda jekundu, maji kwenye mifereji hutenganisha punje nzito na nyepesi, na zile nzito huachwa kwenye matangi zichachuke usiku kucha au zaidi hadi utelezi uachane na punje. Huoshwa, na fakitori nyingi huziloweka tena kwa maji safi, takribani siku nzima. Baada ya hapo huanikwa juu ya meza za waya, zikigeuzwa kwa mikono na kufunikwa jua likiwa kali, siku kumi au hata wiki mbili na zaidi. Usafi na subira ya kazi hii ndivyo vinavyofanya kikombe cha Kenya kiwe angavu, kila ladha ikisimama peke yake. Fakitori mbili zinazotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto mmoja zinaweza kutoa kahawa tofauti kwa sababu tu moja ina meneja mkali mlangoni.

Hatua ya 2: Soma pakiti kama mnunuzi wa mnadani

AA ni punje kubwa, zinazobaki juu ya chekecheke la matundu ya milimita 7.2 hivi. AB ni za ukubwa unaofuata. PB ni punje duara, pale tunda lililopaswa kubeba mbegu mbili linapobeba moja tu. E ni zile kubwa kupindukia. C ni ndogo, na TT ni nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine. Kahawa iliyokaushwa na ganda lake lote bila kumenywa huitwa mbuni, na kwa desturi ya soko letu imekuwa ikihesabiwa daraja la chini, ingawa siku hizi wako wazalishaji wanaoikausha kwa uangalifu na kuiuza kwa bei nzuri.

Elewa jambo hili vizuri: mavuno ya fakitori moja, ya wiki moja, hugawanywa kinuni yakawa AA, AB, PB na mengineyo. Miti ni ile ile na mikono ni ile ile. AA hupata bei ya juu kwa sababu punje kubwa zinazolingana hukaangika sawasawa na soko limezizoea, lakini AB ya fakitori nzuri itaishinda AA ya fakitori iliyozembea, tena bila ubishi. Ukiwa na fedha za kununua pakiti moja tu, chagua AB iliyoandikwa jina la fakitori, uiache AA isiyotaja kwao.

Pakiti inayokuheshimu itakuambia kaunti, chama cha ushirika, fakitori au shamba, aina ya mti, na tarehe ya kukaangwa. Chama kimoja huwa na fakitori kadhaa. Tekangu ya Nyeri, kwa mfano, imebeba ndani ya jina lake fakitori zake tatu: Tegu, Karogoto na Ngunguru. Gikanda, pia ya Nyeri, ina Gichathaini, Kangocho na Ndaroini. Rungeto ya Kirinyaga ina Kii, Karimikui na Kiangoi. Ukiyajua majina machache ya namna hii utaanza kuyaona kila mahali, na utashangaa kuyakuta kwenye menyu za mikahawa ya London na Oslo kabla hujayakuta Moi Avenue.

Tarehe ya kukaangwa isipoandikwa, rudisha pakiti rafuni. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii chochote hapa.

Hatua ya 3: Nunua kahawa nne

Usiende supamaketi kwa kazi hii. Nairobi sasa ina wakaangaji wadogo Westlands, Kilimani, Karen, Spring Valley na kwingineko ambao hukaanga kidogo kidogo kila wiki na hawaoni tabu kuulizwa maswali. Mwambie mkaangaji unataka gramu mia mia za maeneo manne, zisizosagwa, zilizokaangwa kwa kiwango cha wastani au chini yake. Ukaangaji mweusi wa kung'aa mafuta hufuta tofauti zote. Punje ya Nyeri na ya Bungoma zikiungua kiasi hicho zitakuwa na ladha moja, ladha ya moto. Kama hauzi chini ya robo kilo, shirikianeni marafiki wanne, kila mmoja anunue moja. Kuonja kunapendeza zaidi mkiwa wengi, na ulimi wa mwenzako hukamata usichokamata wewe.

Kwa mara ya kwanza napendekeza Nyeri au Kirinyaga moja, Kiambu au Murang'a moja, Machakos, Embu au Meru moja, na moja ya magharibi: Kisii, Nyamira, Bungoma au Kericho. Hiyo ya magharibi itakusumbua kuipata. Ing'ang'anie. Bila hiyo utakuwa umeonja Mlima Kenya na jirani zake tu.

Uliza pia ilikaangwa lini. Siku saba hadi ishirini baada ya kukaangwa ndio wakati mzuri. Ikiwa ya jana, gesi bado imejaa ndani na uchachu utaonekana mkali kuliko ulivyo.

Hatua ya 4: Vifaa, na habari ya maji

Tafuta vikombe au bilauri nne zinazolingana, zinazozidi mililita 200 kidogo. Kijiko cha supu kwa kila mwonjaji. Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mashine ya kusagia ya mkono yenye meno ni bora kuliko blenda, kwa sababu blenda hukata baadhi ya punje kuwa unga na kuziacha nyingine nusu. Kama huna, omba usagiwe dukani siku ile ile ya kuonja, saga ya chengachenga, mfano wa chumvi ya mawe iliyopondwa.

Sasa maji. Ukisoma maelekezo ya kutengeneza kahawa yaliyoandikwa Ulaya au Marekani, utaambiwa uchemshe maji kisha uyaache yapoe kidogo hadi nyuzi 93 au 94. Hapa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiyaacha yapoe umeyapoteza: kahawa itatoka imepwaya, chachu bila utamu, nawe utadhani tatizo ni punje. Mimina mara tu birika linapochemka. Ndugu yako wa Mombasa ndiye anayehitaji kungoja.

Ubora wa maji nao uangaliwe. Maji ya mfereji yanayotoka Ndakaini na mito ya Nyandarua ni laini, na yakichujwa kuondoa klorini yanafaa sana. Maji ya kisima ni habari nyingine. Mitaa mingi ya Nairobi inategemea visima virefu, na maji hayo mara nyingi yana magadi yanayouzima uchachu kabisa. Ukiishi kwenye nyumba ya kisima, nunua chupa ya maji ya kunywa yenye madini kidogo, usome lebo. Nimeona kahawa ya Nyeri ya hali ya juu ikigeuka kitu bapa kisicho na uhai kwa sababu ya maji tu.

Hatua ya 5: Pitia sokoni kwanza

Waonjaji wa kimataifa huandika "blackcurrant" karibu kila wanapokutana na kahawa ya Nyeri. Wengi wetu hatujawahi kuliona tunda hilo. Tunalijua kwa sharubati ya rangi ya zambarau ya chupa ya Ribena. Sharubati hiyo inatosha kama kumbukumbu. Lakini ulimi wako una matunda yake mwenyewe, na ukiyatumia hayo utaonja vizuri kuliko ukikariri orodha ya wageni.

Siku moja kabla, pita Marikiti, City Park au soko lolote la karibu, ununue matunda damu, pasheni, ndimu, balungi, chungwa, nyanya iliyoiva sana, zambarau zikiwa msimu wake, ukwaju kidogo na kipande cha sukari guru. Yakate, yanuse, uonje kila kimoja polepole. Angalia uchachu wa ndimu unavyokata ncha ya ulimi na kutoweka, wa pasheni unavyojaa mdomo mzima, na wa matunda damu unavyokuja na utamu mzito na ukakasi kidogo. Tunda damu ndilo msaada mkubwa kuliko yote kwa kahawa ya Kenya ya kati. Lina uchachu, lina wekundu, lina kitu cha nyanya ndani yake, na SL28 nzuri ina vyote vitatu.

Hatua ya 6: Kuonja kwenyewe

Asubuhi ni bora, kabla ya kula vyakula vyenye viungo. Usijipake manukato.

Pima gramu 12 za kila kahawa na uzisage zikiingia vikombe tofauti. Bandika namba chini ya kila kikombe, mtu mwingine avipange ili usijue kipi ni kipi. Hatua hii usiiruke. Ukishajua kwamba kikombe cha pili ni Nyeri utakisifu hata kikiwa kibovu.

Nusa unga mkavu. Andika neno moja au mawili kwa kila kikombe.

Mimina maji yaliyochemka mililita 200, unga wote ulowe, kisha acha dakika nne. Povu na chenga vitapanda juu na kufanya tabaka. Dakika nne zikitimia, sogeza pua karibu na kikombe na uvunje tabaka kwa mgongo wa kijiko, ukisukuma mara tatu. Harufu inayopanda hapo ndiyo kali kuliko zote utakazopata, na hudumu sekunde chache tu. Suuza kijiko kabla ya kwenda kikombe kinachofuata.

Ondoa povu na chenga zilizobaki juu kwa vijiko viwili. Subiri hadi dakika ya kumi au kumi na mbili. Chota kijiko, uvute kwa nguvu na kwa sauti, kahawa itawanyike mdomo mzima. Tulifunzwa nyumbani kwamba kunywa kwa sauti ni utovu wa adabu. Mezani hapa ndiyo adabu yenyewe.

Jiulize kwa utaratibu. Uchachu uko mwingi au mdogo, na unafanana na tunda gani? Utamu uko wapi, mwanzoni au mwishoni? Uzito wake mdomoni ukoje: mwepesi kama chai ya rangi au unalala ulimini? Ukishameza, nini kinabaki, na kwa muda gani? Zunguka vikombe vyote mara tatu: vikiwa moto, vikiwa vuguvugu, na vikiwa vimepoa. Mzunguko wa tatu ndio wa kweli kwa kahawa ya Kenya. Kikombe kizuri hufunguka kikipoa, tunda linaonekana wazi zaidi. Kibovu kikipoa huonyesha ukakasi, ladha ya gunia au ya karatasi.

Hatua ya 7: Tambua umekutana na nani

Geuza vikombe usome namba. Hizi ndizo tabia utakazotarajia, lakini fakitori na msimu vinaweza kuzipindua. Mtazame kila mmoja kama mgeni anayestahili kusikilizwa.

Nyeri imekaa kati ya milima miwili. Upande wa Mathira, kuelekea Karatina, mashamba yako miguuni pa Mlima Kenya. Upande wa Othaya na Tetu yanashuka kutoka Nyandarua. Kahawa yake ndiyo inayovuma: uchachu mkali ulionyooka, ladha ya zambarau na matunda damu, mara nyingine nyanya, na uzito unaobaki ulimini. Inapokuwa bora haina mshindani katika nchi hii. Ila inachosha, na siishauri kwa mtu anayetaka vikombe vitatu kabla ya saa nne asubuhi.

Kirinyaga iko miteremko ya kusini ya mlima huo huo, juu ya Mwea, mpunga unapokoma na vilima vinapoanza kupanda. Watu huiweka kapu moja na Nyeri, na kwa nguvu ya tunda ni ndugu kweli. Tofauti ninayoipata ni kwamba ya Kirinyaga ina majimaji zaidi, utamu unaotangulia, na harufu ya maua kikombe kikiwa vuguvugu. Pasheni hujitokeza hapa mara nyingi. Ukiniuliza nimpe mgeni asiyewahi kunywa kahawa nzuri, nitampa ya Kirinyaga kabla ya Nyeri.

Murang'a haijapata sifa inayoistahili. Kahawa yake hutoka vitongoji vya chini ya chai ya Nyandarua, na ina ulinganifu: uchachu wa chungwa lililoiva, utamu wa sukari guru, mwisho safi. Haipigi kelele. Kwa kikombe cha kila siku ndiyo ninayoipendekeza, na kwa kawaida bei yake ni nafuu.

Kiambu ina historia tofauti, nayo inasikika kikombeni. Kahawa iliingia na wamisionari Wafaransa, waliopanda Bura huko Taita mwaka 1893, kisha ikafika vitongoji vya Nairobi. Walowezi wakafungua mashamba makubwa Kiambu, Ruiru na Thika, huku Mwafrika akikatazwa kulima zao hilo. Katikati ya miaka ya 1930 ruhusa ilianza kutolewa kwa uchache, Kisii na Meru zikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza; kwa wakulima wadogo wa Kati mlango haukufunguka sawasawa hadi miaka ya 1950, baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika. Ndiyo maana hadi leo pakiti ya Kiambu mara nyingi hutaja shamba moja, na ya Nyeri hutaja ushirika. Kahawa ya Kiambu na Thika huwa ya ndimu na balungi, nyepesi kidogo kuliko ya mlimani, safi. Ionje sasa. Majumba yanakula mashamba hayo kila mwaka. Tatu City imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa.

Embu, Tharaka Nithi na Meru ziko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Embu huwa laini, yenye utamu wa karameli na uchachu wa wastani. Meru hubadilikabadilika sana kutoka fakitori moja hadi nyingine, na nimekutana na vikombe vya huko vilivyokaribia Kirinyaga kwa tunda.

Machakos na Makueni ni nchi kavu, na kahawa hupatikana vilimani: Kangundo, Matungulu, Mbooni. Uzito wake ni mwepesi hadi wastani, uchachu mpole, na mara nyingine ladha ya njugu.

Magharibi ya Bonde la Ufa ni ulimwengu mwingine. Kisii na Nyamira hupata mvua nyingi, na kahawa yake ni tulivu, yenye karameli na tunda lisilo kali. Bungoma iko miteremko ya Mlima Elgon. Ng'ambo ya mpaka, mlima huo huo huzaa kahawa ya Bugisu ya Uganda. Tarajia uzito zaidi, kakao, uchachu mdogo. Kericho kupitia Kipkelion, Nandi, na Nakuru kwenye mashamba ya Solai zinapanda ngazi. Kwa muda mrefu kahawa ya maeneo haya ilichanganywa na kupotelea ndani ya magunia yasiyo na jina, kwa hiyo ukimpata mkaangaji anayeiuza kwa jina la fakitori, mnunulie hata kama siyo uipendayo zaidi.

Hatua ya 8: Ipike inavyotaka

Kwa koni na karatasi ya kuchujia, tumia gramu 15 kwa mililita 250. Mimina kwanza kiasi cha kulowesha tu, ngoja sekunde arobaini gesi itoke, kisha malizia kwa mizunguko ya polepole. Kazi nzima ichukue dakika tatu hivi. Njia hii ndiyo inayoifaa Nyeri, Kirinyaga na Kiambu. Usiongeze maziwa: uchachu wa kiasi hicho ukikutana na maziwa huleta ladha ya kuganda.

Kwa jagi la kioo lenye chujio la kusukuma, gramu 30 kwa nusu lita, dakika nne, vunja tabaka la juu, subiri dakika nyingine tano ndipo usukume taratibu. Elgon, Kisii na Machakos hupendeza hivi, na zinabeba maziwa vizuri.

Ukipenda kahawa ya tangawizi, ile ya Eastleigh au ya Pwani, chukua ya magharibi iliyokaangwa zaidi kidogo. Viungo vinataka kahawa yenye mgongo, isiyogombana navyo. Kuchemsha Gichathaini pamoja na tangawizi na iliki ni kumdhulumu aliyeichuma tunda kwa tunda.

Hatua ya 9: Rudia, ukibadilisha jambo moja

Mara ya pili usinunue maeneo manne. Nunua AA, AB na PB za fakitori moja, uzionje bila kujua kipi ni kipi. Jaribio hili peke yake litabadilisha namna unavyonunua. Mara ya tatu, tafuta SL28 na Batian za eneo moja.

Angalia pia msimu. Mashariki ya Bonde la Ufa mavuno makuu huchumwa takribani Oktoba hadi Desemba, na madogo katikati ya mwaka. Mavuno makuu huanza kufika kwa wakaangaji mwanzoni mwa mwaka unaofuata, kwa hiyo Machi hadi Juni ni wakati mzuri wa kupata kahawa mpya ya Kati. Ifikapo Novemba, muulize mkaangaji wako anauza ya msimu gani, na akisita kujibu, nunua kidogo.

Baki la kahawa lihifadhi likiwa punje nzima, ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kabatini mbali na jiko. Usiliweke kwenye friji: kila ukifungua, unyevu na harufu ya sukuma wiki huingia. Tumia ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya kukaangwa, na karatasi uliyoandika ladha ibandike ndani ya mlango wa kabati hilo, ili ukienda kununua tena umwambie mkaangaji jina la fakitori badala ya herufi.